Daraja la Pangani na ukingo wa mto: msafiri atasimama wapi?

Wadau, leo tuongelee Pangani. Sio ile ya Nairobi, wala ile mitambo ya umeme kule juu karibu na Hale. Nasema mji wenyewe, pale mto Pangani unapoingia Bahari ya Hindi, kama kilomita 50 kusini ya Tanga mjini. Kila ukitajwa mji huu watu wanasema "mji wa historia", halafu mada inaishia hapo. Swali langu ni moja tu: historia hiyo inamlisha nani?

Nauliza kwa sababu ya barabara. Barabara ya Tanga–Pangani–Saadani–Bagamoyo, zaidi ya kilomita 240, imewekewa daraja la mita 525 la kuvuka mto huu. Miaka yote, ukitoka mjini kwenda Bweni ng'ambo ya pili na una gari, ulikuwa huna ujanja bila pantoni. Unasubiri, jua lako, mvua yako. Inakera kweli, lakini kusubiri huko ndiko kulikouza chai, maandazi, samaki wa kukaanga na maji ya kunywa. Ukingo wa mto ulikuwa na wateja wa lazima.

Jamani msinielewe vibaya, daraja nalitaka. Mama mjamzito wa Bweni anayewahi hospitali usiku hana muda wa kungoja pantoni. Ninachosema ni kwamba wateja wa lazima wakiondoka, inabidi watafutwe wateja wa hiari. Na mteja wa hiari hasimami bure. Anataka kitu cha kuona, mtu wa kumweleza, kivuli cha kukaa na chakula kizuri.

Cha kuona kipo. Pangani ilikuwa mwisho wa njia ya misafara iliyoleta pembe za ndovu kutoka bara, na mtoni kulikuwa na mashamba ya miwa yaliyolimwa na watumwa. Agosti 1888 kampuni ya Wajerumani ilipokuja kushika mji kwa mkataba na Sultani wa Zanzibar, mwakilishi wake, Emil von Zelewski, aliwatibua watu mpaka wakamzingira. Aliyekuja kumnusuru ni Jenerali Lloyd Mathews wa jeshi la Sultani. Vita vikasambaa pwani nzima chini ya Abushiri bin Salim, ambaye alikuwa na shamba la miwa jirani na hapo. Desemba 1889 Wajerumani wakamnyonga Abushiri, papo hapo Pangani.

Halafu kuna mkonge. Mwaka 1893 Dk. Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 kutoka Florida, ikafika hai 62 tu. Hiyo 62 ilipandwa Kikogwe, Pangani, na ndiyo mbegu ya mkonge wote ulioifanya Tanga ijulikane duniani. Ukiongeza boma la zamani lenye milango ya nakshi, majumba ya maduka ya Wahindi, na jengo la ukingoni linalotajwa kuwa lilikuwa ghala la watumwa, una mambo ya kutosha kumweka mgeni nusu siku. Na vyote unavizunguka kwa miguu.

Sasa tuje kwenye kazi yenyewe. Tukisikia "kuboresha ukingo" wengi tunafikiria matofali ya rangi, taa na bango kubwa la kukaribisha wageni. Hivyo ni vya mwisho. Mimi naona mpangilio uwe hivi:

1. UKINGO WENYEWE. Mto ukila ardhi, hata ujenge nini kitaondoka. Huku juu kuna mabwawa kama Nyumba ya Mungu yanayozuia mchanga, na kilimo cha umwagiliaji kinachopunguza maji. Huku chini bahari inasukuma, na mikoko ikikatwa hakuna cha kushika udongo. Serikali kupitia Ofisi ya Makamu wa Rais ilishajenga ukuta wa kuzuia mmomonyoko, ni hatua nzuri. Lakini ukuta unahitaji kukaguliwa na kukarabatiwa, na mikoko inahitaji kulindwa. Pia tukumbuke Sheria ya Mazingira ya 2004, kifungu cha 57: shughuli za kudumu zinazoweza kudhuru mazingira haziruhusiwi ndani ya mita 60 kutoka ukingoni. Kwa hiyo mwekezaji asije na ghorofa lake pale mbele. Ukingoni viwe vitu vyepesi: mabenchi, miti ya kivuli, vibanda vya kuhamishika, ngazi za kushukia mtumbwini.

2. MAPAA. Nyumba hizi zimejengwa kwa mawe ya matumbawe, chokaa na boriti. Adui yake ni maji. Paa likitoboka, mvua inaingia ukutani, chokaa inalainika, boriti zinaoza, halafu siku moja ukuta unashuka. Beit al Ajaib ya Zanzibar, jengo maarufu la Mji Mkongwe, iliporomoka sehemu Desemba 25, 2020 na watu wawili wakafa. Na kuipiga saruji nyumba ya chokaa si kuiokoa, kwa sababu saruji inafungia unyevu ndani. Ugumu mwingine ni umiliki. Kwenye miji ya pwani nyumba moja unaweza kukuta ina warithi kumi na tano, na hakuna anayetaka kutoa hela ya bati peke yake. Bila kukaa na familia hizo kwanza, mradi utapaka rangi mbele na kuacha nyuma kunaanguka.

3. HADITHI ISEMWE KAMILI. Isiwe "Mjerumani alijenga hiki, Mwarabu alijenga kile" basi. Kuna waliobebeshwa mizigo, waliolimishwa miwa na kuuzwa. Hao ni mababu wa watu walio hai leo, wanastahili kutajwa kwa heshima, sio kugeuzwa kitisho cha kumfurahisha mtalii. Vijana waliomaliza shule na wanakaa kijiweni, kama tulivyo wengi wetu, wanaweza kufundishwa kazi hii.

4. WENYEJI KWANZA. Angalieni Forodhani, Unguja. Bustani ile ilifunguliwa upya mwaka 2009 baada ya ukarabati wa Taasisi ya Aga Khan ya Utamaduni. Wauza vyakula walirudishwa, na jioni utakuta familia za hapohapo mjini pamoja na wageni. Mahali ambapo mwenyeji mwenyewe hakai, mgeni naye hakai, anaona pamepoa.

Tuchukulie gari moja lina watu sita, wametoka hifadhi ya Saadani wanaelekea Tanga. Wakinyoosha darajani, mji unapata vumbi. Wakisimama saa tatu, kijana mmoja amelipwa kuwazungusha, mwenye mtumbwi amewapandisha mtoni kuona mikoko, mama ntilie ameuza sahani sita za wali na samaki. Wakilala, kesho yake kuna boti ya kwenda kisiwa cha Maziwe. Sasa piga hesabu gari tatu kwa siku.

Ila hesabu hiyo inaharibika haraka kama mama ntilie anafukuzwa ukingoni ili apewe nafasi mtu wa mbali mwenye mtaji. Ndio maana nasema haki za walioko pale sasa, wenye mitumbwi, wavuvi, wauza chai, ziandikwe kabla ya tofali la kwanza kuwekwa. Zikiachwa mpaka siku ya kukata utepe, itakuwa ni longolongo tu: "mlikuwa wapi siku zote?"

Wenyeji wa Pangani na Bweni mnaosoma hapa, nyie ndio mnaujua huo ukingo. Nani anafanya biashara pale leo, na mradi ukija, nani atamtetea? Semeni mapema.