Pikachu na fatwa ya Riyadh: safari ya kiumbe mdogo wa umeme

Bila shaka wengi wenu, muwe katika nchi za Ghuba, Ulaya au nyumbani Afrika Mashariki, mmewahi kumwona yule mnyama wa manjano mwenye masikio marefu yenye ncha nyeusi, mashavu mekundu na mkia uliopinda mithili ya radi. Jina lake ni Pikachu, na picha yake imo katika mifuko ya shule, fulana na vichezeo vya watoto kote duniani. Huenda si wengi wanaojua kwamba kiumbe huyo aliwahi kuwashughulisha wanazuoni wakubwa wa Saudi Arabia, na kwamba chini ya robo karne baadaye fedha za nchi hiyo hiyo zilinunua mchezo wake mmoja mashuhuri. Tutaeleza alikotoka, sababu za kupigwa marufuku, na swali ambalo mzazi angali analo mbele yake hadi leo.

Pikachu alizaliwa nchini Japani. Tarehe 27 Februari mwaka 1996 kampuni ya Nintendo iliuza kwa mara ya kwanza mchezo wa Pokémon kwa ajili ya mashine ndogo ya mkononi iitwayo Game Boy. Aliyeubuni ni Satoshi Tajiri, mtu aliyekulia Machida, pembezoni mwa Tokyo, na ambaye utotoni alipenda mno kukusanya wadudu. Mji ulipopanuka na mashamba kumezwa na majengo, wadudu hao walitoweka. Tajiri alitaka watoto wa mjini waonje tena furaha ya kutafuta, kukamata na kubadilishana. Akatengeneza ulimwengu wenye viumbe 151, na mashine mbili zikaweza kuunganishwa kwa waya ili mtoto mmoja ampe mwenzake kiumbe asiye naye.

Mchezo huu ni wa aina ambayo mchezaji huvaa uhusika wa mtu fulani na kusafiri katika nchi ya kubuni. Hapa yeye ni mtoto anayeondoka nyumbani akifuatana na viumbe anaowafunza. Pikachu, aliyechorwa na msanii Atsuko Nishida, ni wa namba 25 katika orodha ya viumbe hao. Kimo chake hakizidi nusu mita na uzito wake ni kilo sita. Mashavuni ana vifuko vya kuhifadhia umeme. Jina lake limeundwa kwa sauti mbili za Kijapani: "pika", yaani mmweko wa cheche, na "chu", yaani mlio wa panya.

Mwanzoni Pikachu alikuwa mmoja tu miongoni mwa wengi. Mambo yalibadilika mwezi Aprili mwaka 1997, filamu ya katuni ilipoanza kuonyeshwa katika runinga ya Japani na yeye akafanywa mwandani wa shujaa wake. Hasemi lolote isipokuwa silabi za jina lake, kama mtoto mchanga anayejifunza kutamka. Mwaka 1998 ukatolewa mchezo mwingine, toleo la manjano, ambamo Pikachu hakubali kufungiwa ndani ya mpira kama wenzake, bali hutembea nyuma ya mchezaji. Ukimgeukia, atakuonyesha uso wa furaha au wa hasira kulingana na unavyomtendea. Ukimwachia ashindwe vitani mara kwa mara, hamu yake kwako hupungua. Wala hana nguvu zisizoshindika: mpinzani mkubwa wa kwanza hutumia viumbe vya mwamba na ardhi, ambao umeme hauwadhuru hata kidogo. Hapo mtoto hulazimika kutafuta wasaidizi wengine.

Itakumbukwa kuwa kiumbe huyu alizusha wasiwasi katika nchi yake kabla ya kuvuka mipaka. Tarehe 16 Desemba mwaka 1997, katika sehemu moja ya katuni hiyo, radi ya Pikachu ilionyeshwa kwa mimweko ya rangi nyekundu na buluu iliyopishana kwa kasi kubwa. Zaidi ya watoto 600 walipelekwa hospitali, baadhi yao wakiwa na degedege. Katuni ilisimamishwa kwa muda wa miezi minne, na vituo vya runinga vya Japani vikaweka kanuni mpya kuhusu mimweko ya mwanga. Huo ulikuwa mfano wa madhara ya kweli, yaliyochunguzwa na kupatiwa dawa.

Kufikia mwaka 2000 Pokémon ilikuwa imeenea Mashariki ya Kati kwa njia ya katuni, michezo na kadi za kuchezea. Katika mitaa ya biashara kama vile Al-Sulimaniyah, jirani na Olaya mjini Riyadh, mzazi hakuweza kuukwepa ulio wa mtoto wake: kila pakiti ya kadi hufungwa, na mnunuzi hajui kilichomo mpaka aifungue. Ndipo mwanzoni mwa mwaka 2001 ilipotolewa fatwa ya kuharamisha mchezo huo, na habari zake zikaenea duniani mwezi Machi. Aliyekuwa akiongoza wanazuoni hao ni Mufti Mkuu, Sheikh Abdulaziz Al al-Sheikh, aliyeshika wadhifa huo kuanzia mwaka 1999 hadi alipofariki dunia mwezi Septemba mwaka 2025.

Hoja zilizotajwa zilikuwa za aina tofauti, na inafaa kuzitenganisha.

Hoja ya kwanza ni kamari. Ilielezwa kuwa watoto hushindania kadi zenye thamani ya fedha, na anayeshindwa hupoteza kadi yake au hulipa. Kwa mujibu wa kanuni zilizochapishwa na watengenezaji, jambo hilo halimo: kadi sita ambazo mchezaji huziweka kando kama zawadi ni zake mwenyewe, na kila mmoja huondoka na zake. Hata hivyo, kanuni ya kwenye karatasi ni jambo moja na uwanja wa shule ni jambo jingine. Yeyote aliyecheza gololi utotoni anafahamu tofauti kati ya kucheza kwa kujifurahisha na kucheza kwa kulana, ambapo mshindi huenda zake na gololi za mwenziwe.

Hoja ya pili ni nadharia ya mageuko ya viumbe. Katika mchezo huu kiumbe anayepata uzoefu hubadilika umbo. Kwa Kijapani badiliko hilo huitwa "shinka", neno lile lile linalotumiwa kwa nadharia ya Darwin. Lakini kinachotendeka mchezoni kinafanana zaidi na kiwavi anayegeuka kuwa kipepeo: kiumbe mmoja, katika uhai wake, hupita hatua moja hadi nyingine. Hapo tunauona tena ule utoto wa Tajiri na wadudu wake. Neno limekopwa kutoka sayansi, ilhali jambo lenyewe limetoka bustanini.

Hoja ya tatu ilihusu alama. Katika kadi kuna nyota yenye pembe sita, na ilielezwa kuwa ni ishara ya Uzayuni, huku misalaba na pembetatu zikihusishwa na dini au makundi mengine. Ni kweli kwamba nyota ya pembe sita imo. Katika kadi huonyesha nguvu isiyo na rangi maalumu, kama vile jani linavyoonyesha nguvu ya mimea. Sambamba na hoja hii ulienea uvumi katika nchi za Kiarabu kwamba neno Pokémon kwa Kijapani lina maana ya "mimi ni Myahudi". Uvumi huo haukuwa na msingi. Neno hilo ni ufupisho wa maneno mawili ya Kiingereza ambayo Wajapani wameyakopa, na maana yake ni majitu ya mfukoni, kwa sababu viumbe hao hubebwa ndani ya mipira midogo.

Mwezi Julai mwaka 2016 mambo yalianza upya. Kampuni ya Niantic ilitoa Pokémon GO, mchezo wa simu unaomtaka mchezaji atembee barabarani akiwatafuta viumbe hao. Fatwa ya mwaka 2001 ikakumbushwa tena nchini Saudi Arabia, na vyombo vya habari vikatangaza kuwa imetolewa mpya. Maafisa wa serikali walikanusha kwamba kulikuwa na fatwa mpya.

Lakini mwaka huo huo ufalme ulitangaza mpango wa Dira ya 2030, unaokusudia kupunguza utegemezi wa mafuta. Majumba ya sinema yalifunguliwa tena mwaka 2018. Mwezi Mei mwaka 2022 ilibainika kuwa hazina ya uwekezaji ya taifa imenunua zaidi ya asilimia tano ya hisa za Nintendo. Mwaka 2023 kampuni ya Savvy, inayomilikiwa na hazina hiyo, iliinunua kampuni ya michezo ya Scopely ya Marekani kwa dola bilioni 4.9. Na mwaka 2025 Scopely ikainunua kutoka Niantic idara ya michezo, Pokémon GO ikiwemo, kwa dola bilioni 3.5. Ifahamike kuwa haki za Pikachu mwenyewe zimebakia kwa Wajapani. Kilichouzwa ni mchezo unaoendeshwa kwa kibali chao.

Wapo watakaoliona hili kuwa ni kichekesho cha historia. Lakini ile hoja ya kwanza, ya kamari, haikuzeeka. Mwaka 2018 Tume ya Michezo ya Kubahatisha ya Ubelgiji iliamua kuwa masanduku ya bahati yanayouzwa kwa fedha ndani ya baadhi ya michezo ya video, ambayo mnunuzi hajui yaliyomo, ni kamari kwa mujibu wa sheria za nchi hiyo. Watu wa sheria wa Brussels hawakuongozwa na fatwa, ila waliuliza swali linalokaribiana na lile la Riyadh: mtoto ananunua kitu, au ananunua bahati?

Kwa hiyo mzazi, awe Jeddah, Mombasa au London, hana haja ya kuogopa jina la Kijapani wala mkia wa radi. Yanayofaa kutazamwa ni mambo machache: je, fedha zinatoka kwa kitu kinachojulikana? Je, mtoto anaweza kuucheza mchezo akaufurahia bila kulipa tena? Na simu anayoichezea imefungamanishwa na akaunti ya benki ya nani?