Mafundisho ya Kushona Mifarishi

Mwezi huu twapenda kuwaeleza habari za kazi moja ya mikono, nayo ni kushona mifarishi ya viraka, na jinsi inavyofundishwa katika siku za mapumziko. Habari hizi twazileta kutoka Marekani, kwa kuwa wako huko wanawake walioianza kazi hii kwa umaskini mwingi, na leo watu husafiri kutoka mbali ili kufundishwa nao.

Kwanza tueleze mfarishi ni kitu gani. Ni nguo ya kujifunika kitandani wakati wa baridi, nayo ina tabaka tatu. Ya juu ni viraka vilivyoungwa, ya katikati ni pamba, na ya chini ni kitambaa kizima. Tabaka hizo huwambwa pamoja juu ya kiunzi cha mbao, kisha hupigwa bandi toka upande huu hata upande wa pili, ili pamba isijikusanye mahali pamoja. Mwisho ukingo hushonewa utepe. Kiunzi ni kikubwa, hata wanawake wanne au sita waweza kukizunguka, kila mtu na sindano yake. Ndiyo sababu tangu zamani ushonaji huu umekuwa kazi ya kukutanika.

Mahali penyewe ni Gee's Bend, katika jimbo la Alabama. Mto Alabama hupinda hapo, ukaizunguka nchi kwa pande tatu. Mwaka 1816 alifika mwenye shamba aitwaye Joseph Gee pamoja na watumwa wake, na mwaka 1845 shamba likawa mali ya Mark Pettway. Watumwa wakalima pamba, wakaitwa kwa jina la bwana wao, na hata leo wengi wa wenyeji huitwa Pettway. Vita ilipokwisha mwaka 1865 wakawa huru, lakini ardhi haikuwa yao, wakaendelea kuilima kwa kugawana mazao na wenyewe. Nyumba zilikuwa za magogo, na upepo wa baridi ulipenya. Basi mama akakusanya suruali zilizochakaa na magunia matupu, akavikata na kuviunga apate kuwafunika watoto.

Mwaka 1932 msiba uliwapata. Mfanyabiashara aliyekuwa akiwakopesha alikufa, na watu wa nyumba yake wakaja kudai deni. Wakachukua nyumbu, ng'ombe, majembe na nafaka, na njaa ikaingia nyumbani mwa watu. Lakini sindano zilibaki. Mwaka 1942 mama mmoja, Missouri Pettway, alifiwa na mume wake. Alizitwaa nguo za kazi za marehemu, akazishona ziwe mfarishi apate kujifunika na kumkumbuka. Binti yake Arlonzia alimsaidia. Leo mfarishi huo umehifadhiwa katika jumba kubwa la sanaa la taifa mjini Washington.

Mwaka 1962, watu weusi wa nchi hiyo walipokuwa wakidai haki ya kupiga kura, kivuko cha mto kiliondolewa. Mji wa Camden ulikuwa ng'ambo tu, bali sasa aliyetaka kufika huko alizunguka kwa barabara mwendo wa kadiri ya saa nzima kwa motakaa. Kivuko hakikurudi hata mwaka 2006, yaani miaka 44.

Katika dhiki hiyo kasisi mmoja wa Kanisa la Kiepiskopali, Francis Walter, aliiona mifarishi imeanikwa kambani, akatambua thamani yake. Mwaka 1966 wanawake wa Gee's Bend na wa vijiji vya karibu wakaanzisha chama cha ushirika kilichoitwa Freedom Quilting Bee, wakapata fedha yao wenyewe kwa kazi ya vidole vyao. Bibi Estelle Witherspoon alikuwa miongoni mwa viongozi wake. Chama hicho kilifungwa mwaka 2012. Lakini hapo katikati, mwaka 2002, mifarishi ilitundikwa katika jumba la sanaa la Houston, kisha New York, na mwaka 2006 posta ya Marekani ilitoa stempu 10 zenye picha zake. Ukiona vyaelea, vimeundwa.

Sasa twafika katika mafundisho yenyewe. Arlonzia alifariki mwaka 2008, na waliojifunza magotini pa mama zao wazidi kupungua. Nguo yaweza kutunzwa katika jumba la sanaa miaka mingi, lakini ujuzi hauwezi kutiwa katika kabati ya kioo. Wenye kuujua wasipoufundisha, utazikwa pamoja nao. Kwa hiyo baadhi ya wanawake wa Gee's Bend, kama Mary Ann Pettway na China Pettway, wameifanya kazi ya kufundisha. Wamefundisha hata katika Camp McDowell, kambi ya Kanisa la Kiepiskopali kaskazini ya Alabama, ambako watu huenda kupumzika siku chache mbali na shughuli zao, wakilala, wakila na kushona pamoja.

Katika mapumziko ya namna hii hakuna mtihani wala daraja. Mmoja amekuja hajui kutia uzi katika tundu la sindano, na mwenzake ameshona miaka 30; wote huketi chumba kimoja. Anayeanza hupewa viraka vya mraba, vinavyoungwa kwa mistari iliyonyoka. Aliyeendelea hushona mtindo uitwao Paa la Nyumba: huanza na kiraka kimoja katikati, akakizungushia vipande virefu, mraba ndani ya mraba, mpaka nguo imekuwa kubwa. Fundi naye hufundishwa neno lililo gumu kwake, yaani kuacha kielelezo kilichochapwa na kupanga rangi kwa jicho lake mwenyewe. Wanawake wa Gee's Bend huita kazi ya namna hiyo "njia yangu". Mshono ukienda upande kidogo, mwalimu haufumui kwa hasira, bali humwonyesha mwanafunzi jinsi kipande kifuatacho kitakavyouchukua. Nyimbo za kanisani huimbwa huku sindano zikienda, kama zilivyoimbwa zamani kuzunguka kiunzi.

Twaona hapa jambo kubwa kwa walimu na wazazi. Mkono haujifunzi kwa kukemewa. Hujifunza kwa kuketi karibu na mkono mwingine, pasipo haraka na pasipo aibu. Mara nyingi msichana aliyechekwa siku ya kwanza haishiki sindano tena, na hasara si yake tu, bali ni ya nyumba yake yote. Lakini akiketi kati ya mama na bibi, huona ya kuwa hata bibi hufumua mshono wake na kuushona tena, naye hupata moyo.

Kwa wapendao kujaribu, twatoa njia rahisi. Mwombeni fundi wa cherehani mabaki yake ya kanga na ya marekani, mkayafue na kuyapiga pasi. Kateni miraba 9, kila mmoja inchi 4½ kwa inchi 4½. Iungeni mitatu mitatu kwa mishono ya upana wa robo ya inchi, kisha mwiunge safu tatu hizo. Kila mraba utaonekana inchi 4, na kipande kizima kikiisha kuungwa na vingine kitakuwa futi moja kila upande. Vipande 30 vikipangwa sita kwa vitano vyatosha kufunika kitanda chembamba. Mwalimu wa hesabu naye na awaulize watoto inchi zile nyingine zimekwenda wapi. Jibu wataliona ndani ya mshono.

Jambo lenyewe litakwenda vema likifanywa wakati wa mapumziko, baada ya mavuno, siku mbili au tatu mfululizo. Kila nyumba ilete mabaki yake na chakula chake. Wakaribisheni walio mafundi na wasiojua kitu, wala msiwatenge. Nao vikongwe wawekwe mahali penye mwanga mzuri, vijana wawatilie uzi katika sindano, na kila akutiaye uzi mwonyeshe mshono mmoja. Haba na haba hujaza kibaba, na kiraka kwa kiraka mtoto hulala pasipo baridi.