Jeni Moja, Stori Mbili: Vile Kansa Hucheza na Maedita wa Mwili Wako

Cheki hii. Kuna vidio ya harusi ya saa nne. Edita mmoja akiikata, bi harusi anatoka malkia. Mwingine akikata hiyo hiyo, unaona tu mama mkwe akinuna. Rekodi ni moja.

Seli zako hufanya hiyo kazi kila siku. Jeni ikinakiliwa inatoka RNA ndefu, na protini zinazoishika ndizo maedita: zinasema kipande gani kibaki na kipi kitupwe.

Chukua jeni ya BCL-X. Ikikatwa ndefu unapata Bcl-xL, protini ya aminoasidi 233 inayoambia seli iendelee kuishi. Ikikatwa fupi ni Bcl-xS, aminoasidi 170, na hiyo husukuma seli ijimalize. Tofauti ni 63 tu, lakini ni kufa na kupona! Edita SRSF1 huvuta upande wa ndefu.

Sasa noma iko hapa. Kwa kansa kadhaa, SRSF1 imejaa kupita kiasi. Seli mbovu iliyofaa kufa inaambiwa ikae tu. Na kemo nyingi hutegemea seli ikubali kufa, so Bcl-xL ikiwa mob, dawa inagonga mwamba.

Mwaka wa 2007, timu ya Adrian Krainer kule Cold Spring Harbor, Marekani, ilionyesha kuwa kuongeza SRSF1 kidogo tu kunaweza kugeuza seli za panya ziwe za uvimbe.

Krainer huyo huyo alisaidia kuunda nusinersen, dawa inayorekebisha ukataji wa RNA kwa watoto wenye ugonjwa wa misuli wa SMA. Marekani iliipitisha 2016.