Geji si Unene: Istilahi za Bati la Kuezekea katika Uwanda wa Makonde

Wenye kazi ya kukuza istilahi aghalabu hutazama kwanza maabara, mahakama na benki. Duka la vifaa vya ujenzi hubaki nyuma, kana kwamba maneno yake yamekwisha jitosheleza yenyewe. Hata hivyo ni dukani humo ambamo mwananchi wa kawaida hukutana na istilahi ya kigeni uso kwa uso, akiwa na fedha mkononi, na gharama ya kutoielewa huilipa mwenyewe. Katika makala haya tutayachunguza maneno yahusuyo bati la kuezekea nyumba, tukiwaangalia zaidi wakazi wa wilaya za Masasi na Newala, mkoani Mtwara, kwa sababu huko uchaguzi wa bati una uzito ambao pengine haupo mahali pengine.

Newala iko juu ya uwanda wa Makonde, kwenye ukingo unaotazama bonde la Ruvuma. Masasi yenyewe iko chini ya uwanda, upande wa magharibi, katikati ya vilima vya mawe. Udongo wa uwandani ni wa kichanga, na maji ya mvua huzama mbali mno chini yake, hata pakakosekana mito na visima vifupi. Mjerumani Karl Weule, aliyekaa Newala mwaka 1906, alistaajabu kuona watu wanaishi juu huku maji yao yakiwa bondeni. Tangu wakati wa ukoloni yamekuwapo mabomba yanayosukuma maji kutoka mabondeni, lakini hayajapata kumaliza haja. Kwa hiyo familia nyingi za uwandani huchimba kando ya nyumba kisima cha kuhifadhia maji ya mvua, wakakisakafia kwa saruji, na maji yake hutoka juu ya paa. Nyasi haziwezi kazi hiyo. Maji yake huwa machafu na mengi hunyonywa. Basi bati kwa mtu wa Newala ni sitara na ni chanzo cha maji pia.

Hesabu yake si ngumu. Milimita moja ya mvua ikinyesha juu ya mita moja ya mraba hutoa lita moja. Nyumba ambayo paa lake limefunika mita 10 kwa 8 ikipata mvua ya milimita 10 hupokea lita 800. Tukitoa sehemu moja ya tano kwa yanayorukia nje na kupotea, zabaki lita 640, yaani ndoo 32 za lita 20. Hizo ni ndoo 32 ambazo mama na binti zake hawakuzifuata mbali.

Fedha za bati hutoka katika korosho. Zao hili huvunwa zaidi kati ya Oktoba na Desemba, na tangu msimu wa 2007/2008 huuzwa kwa mfumo wa stakabadhi ghalani kupitia vyama vya msingi na vyama vikuu, yaani TANECU kwa Tandahimba na Newala, na MAMCU kwa Masasi na Mtwara. Malipo hufika karibu na wakati ule ule mvua zinapoanza. Mnunuzi hana nafasi ya kungoja wala ya kuuliza sana. Anafika dukani, anaambiwa: ipo geji 28, ipo geji 30, ipo geji 32. Hapo ndipo tatizo letu linapoanzia.

Neno "geji" limekwisha enea nchi nzima, na si busara kulipiga vita. Lakini ni lazima tuseme waziwazi maana yake. Geji si kipimo cha unene kama milimita ilivyo. Ni namba ya daraja, nayo huenda kinyume. Namba ikipanda, bati hupungua unene. Asili yake ni ufundi wa kuvuta waya: waya ulivutwa katika tundu, kisha katika tundu jembamba zaidi, na kila ulipovutwa tena namba iliongezeka na waya ukakonda. Mafundi wa mabamba ya chuma wakairithi desturi hiyo, nasi tukairithi kwao bila kuelezwa kisa chake. Mtu mwenye akili timamu, aliyezoea kwamba kilo 32 ni nzito kuliko kilo 28, ana haki kabisa ya kudhani kwamba geji 32 ni bati nene kuliko geji 28. Lugha ndiyo inayomdanganya, hata muuzaji akiwa mwaminifu.

Ubaya zaidi ni kwamba mizani ya geji si moja. Kipo kipimo cha zamani cha Birmingham, na kipo kipimo sanifu cha Waingereza kilichohalalishwa kwao mwaka 1884. Katika hiki cha pili, geji 28 ni karibu milimita 0.38, geji 30 ni 0.31, na geji 32 ni 0.27. Katika kile cha Birmingham, geji 28 ni karibu 0.36, geji 30 ni 0.30, na geji 32 ni 0.23. Vipo na vipimo vingine vya Marekani. Kwa hiyo mtu akisema "geji 32" bila kutaja ni ya kipimo gani, ametamka nusu ya jambo. Bati lake laweza kuwa la 0.27 au la 0.23, na tofauti hiyo ni kama sehemu moja ya saba ya chuma alichokilipia. Bati jembamba hubonyea fundi anapolikanyaga, na upepo wa ukingoni mwa uwanda ukilivuta hupasuka kwanza penye tundu la msumari.

Sasa natuwatazame wafasiri na watumishi wa Serikali, kwa maana wao ndio waandikao hati za zabuni, mikataba ya madarasa na vijitabu vya ushauri. Sentensi ya namna hii hutokea kwa urahisi: "Mabati yawe na unene usiopungua geji 28." Msomaji ataiona ni sahihi, na mwandishi alikusudia jema. Lakini maneno "usiopungua geji 28" yana maana mbili zinazopingana. Mwenye kuelewa geji ataleta 28 au 26. Mwenye kutafuta faida ataleta 32, na akishitakiwa atajibu kwamba 32 haijapungua 28, wala kisarufi hatakuwa amekosea. Kugeuza sentensi ikawa "isiyozidi geji 28" hakuponyi kitu, maana sasa mnunuzi wa kawaida ataelewa kwamba ameshauriwa kununua bati jembamba.

Pendekezo letu ni kwamba neno "unene" lisiambatanishwe kamwe na geji. Unene uandikwe kwa milimita. Geji, ikilazimu kutajwa kwa sababu ndiyo lugha ya dukani, itajwe baadaye kama jina la biashara: "Mabati yawe na unene usiopungua milimita 0.38 (dukani hujulikana kama geji 28)." Walimu wa hisabati nao wangefanya vyema kuliingiza jambo hili katika somo la vipimo, kwani ni nadra kupata mfano wa namba inayokwenda kinyume ulio karibu na nyumbani kiasi hiki. Na mwenye mashaka asidharau mizani. Bamba la chuma la mita moja ya mraba lenye unene wa milimita 0.38 lina uzito wa kilo 3 hivi, na la 0.27 kilo 2 na kidogo. Mabati mawili ya urefu, upana na migongo iliyo sawa yakipandishwa mizani hujitenga yenyewe, na mizani ndicho kitu kisichokosekana katika kijiji cha korosho.

Unene si jambo la pekee. Chuma kitupu hakimalizi masika mengi kabla ya kuoza kwa kutu; kinacholinda bati ni utando wa zinki. Hapa nako yafaa kuchagua kitenzi kwa uangalifu. Wengi huandika "bati lililopakwa zinki", na neno hilo humfanya msomaji afikiri juu ya burashi na kopo la rangi. Kazi yenyewe ni kulichovya bamba katika zinki iliyoyeyushwa kwa moto, hata ikashikamana na chuma. Twaona "kuchovya zinki" ni bora, na "kupaka" kubaki kwa rangi inayowekwa juu ya zinki katika mabati ya rangi. Kiasi cha utando hutajwa kwa gramu katika kila mita ya mraba, na aghalabu ni jumla ya pande zote mbili. Mfasiri asipoyatia maneno "pande zote mbili zikijumlishwa", gramu 100 zitadhaniwa ni za upande mmoja, kumbe upande unaopata mvua una 50 tu, ambazo ni unene wa karibu mikromita 7. Rangi nzuri juu ya zinki haba ni kanzu safi juu ya mwili mgonjwa.

Kuna na utando wa mchanganyiko, ambao kwa uzito una alumini asilimia 55, zinki asilimia 43.4, na silikoni asilimia 1.6. Bati la namna hiyo huuzwa mara nyingine kwa jina la "bati la alumini". Jina hilo halifai. Ndani ni chuma kile kile. Alumini imo katika utando. Bati la alumini tupu lipo, ni kitu kingine, na sumaku huyatenganisha papo hapo: hushika la chuma, hailishiki la alumini. Tuliite la kwanza "bati la utando wa alumini na zinki", ijapokuwa ni refu. Istilahi ndefu iliyo kweli yavumilika kuliko fupi yenye kupotosha.

Neno "bati" lenyewe lina hitilafu yake. Kamusi hulipa maana ya madini, yale meupe laini yatumikayo kulehemu, na maana ya bamba la kuezekea. Lakini katika bamba la kuezekea hamna madini hayo hata chembe. Mwalimu wa kemia anayeandika "bati" ubaoni hana budi kuwaeleza wanafunzi kwamba si lile lililo juu ya vichwa vyao, au atumie "stani" kwa madini. Kwa upande wa ngeli, "bati hili, mabati haya" ndiyo sanifu. "Bati hizi" ya mafundi na wafanyabiashara tusiicheke, ila isiingie katika mikataba. Nchini Kenya neno hili liliwahi kwenda mbali zaidi: vikundi vya wanawake waliochangiana fedha ili kuezekeana nyumba viliitwa vikundi vya mabati.

Kuhusu umbo la bati, mafundi wametangulia wasomi. "Migongo" ni neno lao, na ni zuri kuliko "mawimbi" au "mikunjo" ya vitabuni, kwa kuwa laeleza pia kazi: msumari hupigwa juu ya mgongo, si bondeni, maana bondeni ndimo maji yanamopita. Bati la migongo mipana huitwa pia "msauzi", jina linalokumbusha Afrika Kusini. Hilo ni la mitindo, na mitindo hupita, tuliache sokoni.

Tunapofika kwenye mbao za paa, twakuta hazina ambayo tunaiacha ipotee. Mti unaolazwa juu ya ukuta kupokea paa ni "mbati", wala hauhusiani na bati. Miti inayoteremka kutoka kileleni ni "makombamoyo", na fito zinazokatiza juu yake ni "pau". Fundi wa leo husema "kenchi" kwa fremu nzima ya pembetatu, na "papi" kwa mbao zinazopigiliwa bati. Hatuoni sababu ya kuifukuza kenchi, kwa kuwa ni umbo jipya lisilokuwapo katika nyumba ya udongo na nyasi. Lakini papi na pau hufanya kazi moja, na vitabu vya shule za ufundi vingeweza kuyataja yote mawili. Bati, likilinganishwa na nyasi, huhitaji mteremko mdogo tu. Nyasi hutaka nyuzi 45 hivi ili maji yasipenye. Bati huweza kukaa kwenye nyuzi 15, mradi mabati yapandane vya kutosha.

Mwisho ni penye maji. Mfereji unaopokea maji ukingoni mwa paa huitwa "gata" na kila mtu. Kiswahili kina "mlizamu", neno la zamani la mfereji au bomba la kutolea maji, na kina "mchirizi", ambalo ni maji yanayotiririka upenuni na njia yake pia. Tungependa "mlizamu" ufufuliwe katika maandishi, na "mchirizi" usitumiwe badala yake, kwa sababu mwenye nyumba isiyo na mlizamu bado anao mchirizi, na ndio unaomchimbia msingi.

Kwa watu wa mikorosho lipo neno moja zaidi linalohitajika. Tangu miaka ya 1980 wakulima wa kusini wamekuwa wakipulizia unga wa salfa kuzuia ubwiriunga, hasa kati ya Juni na Septemba. Unga huo hupeperuka ukatua juu ya mabati pamoja na vumbi la kiangazi na kinyesi cha ndege, na mvua ya kwanza huuosha wote kuelekea kisimani. Maji hayo ya mwanzo hayana budi kumwagwa kando kabla mlizamu haujaelekezwa kisimani. Vijitabu vingine huyaita "maji machafu ya paa", jina linalomfanya msomaji aogope maji yote ya bati. Twapendekeza yaitwe "maji ya kuosha paa". Mwenye nyumba akiambiwa hivyo, huelewa mara moja kwamba hayo ya kwanza yana kazi nyingine, na yanayofuata ndiyo ya kunywa baada ya kuchemshwa.