Daftari la wanachama ndilo lipimwe kwanza chama cha wafanyabiashara kinapotafuta programu

MFANYABIASHARA wa vifaa vya ujenzi mtaani Kinoru, mjini Meru, anaweza kulipa ada ya chama kwa M-Pesa leo asubuhi na bado akafika kwenye uchaguzi wa tawi mwezi ujao, akaelezwa kuwa jina lake halimo. Pesa ziliingia na ujumbe ungalimo katika simu yake, ila hapakuwa na mtu aliyeyanakili malipo hayo katika daftari la wanachama. Pengo hilo ndilo linalopaswa kuzibwa na programu ya kusimamia wanachama, na aghalabu ndilo lisiloonyeshwa muuzaji anapofungua kipakatalishi chake mbele ya kamati.

Chama cha Kitaifa cha Wafanyabiashara na Viwanda (KNCCI) kilizaliwa mnamo 1965 kwa kuunganishwa kwa vyama vitatu vilivyogawanyika kwa misingi ya asili ya wanachama wake: Wazungu, Wahindi na Waafrika. Kwa hivyo, kazi ya kuoanisha orodha zisizofanana si ngeni kwa chama hiki. Leo kina matawi katika kaunti, na aliye katika orodha hupata mengi: kupiga kura, kualikwa katika ziara za kibiashara, na kusaidiwa kupata cheti cha kuthibitisha asili ya bidhaa anazouza ng'ambo. Anayeishika orodha, kwa maana hiyo, ameshika kura na pesa kwa mkono mmoja.

Katika kaunti kama Meru, orodha hiyo huwa na sura nyingi. Kinoru, mtaa ambao Wakenya wengi waliufahamu Juni 1, 2018 wakati sherehe za Madaraka zilipofanyika katika uwanja wake, umo ndani ya mji wenye soko la Gakoromone na maduka ya Makutano. Nje ya mji kuna wachuuzi wa miraa Maua, wakulima wakubwa wa ngano Timau, na wauzaji wa ndizi, kahawa na majani chai katika Imenti. Hawa hawalipi kwa wakati mmoja wala hawaiti biashara zao kwa namna moja.

Swali la kwanza basi halihusu tarakilishi hata kidogo. Mwanachama ni nani: biashara au mwenye biashara? Mtu mwenye duka la vipuri Makutano na lingine Nkubu ni mwanachama mmoja au wawili? Ndugu watatu wakimiliki kampuni moja, ni nani anayepiga kura? Programu nyingi hudai jibu siku ya kwanza, kwani kila rekodi lazima iwekwe mahali pake. Kamati isipokuwa na jibu, fundi wa programu ndiye atakayelitoa, na atalitoa kwa namna inayomrahisishia kazi. Sehemu ya katiba ya chama inayoeleza uanachama yafaa isomwe kabla ya bei kuulizwa.

Programu inayofaa huiweka biashara katika rekodi yake na mtu katika rekodi nyingine, kisha huziunganisha. Hivyo mwenye maduka mawili hahesabiwi mara mbili, na msimamizi akiondoka, biashara haipotei pamoja na nambari yake ya simu. Majina pekee hayatoshi kutofautisha watu. Katika orodha yoyote ya Meru, akina Mwenda, Kirimi na Mutuma watajirudia kurasa kwa kurasa. Nambari ya kitambulisho, au ile ya usajili wa kampuni, ndiyo inayozuia mtu mmoja kuandikwa mara tatu.

Jambo la pili ni mwanachama aliyenyamaza. Uingereza ilipopiga marufuku miraa Juni 2014, soko kubwa lilifungwa kwa siku moja. Somalia nayo ilisimamisha ununuzi Machi 2020, kisha ikafungua mlango tena Julai 2022. Mchuuzi aliyeacha kulipa ada katika kipindi kama hicho hajakihama chama; amekosa soko. Programu inayomfuta mtu baada ya miezi kadhaa bila malipo hupoteza historia yake, na siku anaporejea huhesabiwa kuwa mgeni. Anayehitajika ni yule anayeorodheshwa kama aliyelala: hapigi kura, hadaiwi kila wiki kwa ujumbe wa simu, lakini tarehe yake ya kujiunga imehifadhiwa.

Lakini penye kazi kubwa ni kwenye malipo. Tangu M-Pesa ianzishwe Machi 2007, Wakenya wamezoea kulipa kwa simu, na chama chenye nambari ya kulipia bili hupokea ada kutoka pembe zote za kaunti. Tatizo ni lile pengo dogo la nambari ya akaunti. Mmoja huandika jina lake, mwingine jina la duka, wa tatu huandika neno "ada" tu. Isitoshe, taarifa ya malipo inayoufikia mfumo wa mpokeaji siku hizi aghalabu huficha sehemu ya nambari ya simu ya mlipaji, hivyo mbinu ya zamani ya kumtambua mtu kwa simu yake haitegemeki. Suluhisho ni kila mwanachama kupewa nambari fupi ya uanachama, aiandike anapolipa, na programu ipokee taarifa moja kwa moja kutoka Safaricom na kuyaweka malipo penye jina. Yale yasiyotambulika yakae katika orodha ya kando ambayo mweka hazina ataipitia kila wiki. Muuzaji asiyeweza kuonyesha hatua hiyo kwa malipo halisi ya shilingi 10, papo hapo mezani, bado hajaonyesha chochote.

Programu za kigeni zilizobuniwa mahsusi kwa vyama vya aina hii, kama vile ChamberMaster na GrowthZone za Marekani, zina mengi ya kuvutia. Hata hivyo, zimejengwa kwa mazingira ambamo mtu hulipa kwa kadi au hundi. Gharama yake pia huhesabiwa kwa dola. Mapema 2024 dola moja ilikaribia Sh160, na miezi michache baadaye ikashuka hadi karibu Sh130. Ada ya dola 100 kwa mwezi ilikuwa Sh16,000, kisha Sh13,000, bila programu yenyewe kubadilika hata chembe. Tawi linalokusanya ada kwa shilingi lina sababu ya kusita.

CiviCRM ni programu huria isiyolipiwa leseni, na ina sehemu ya uanachama iliyokamilika. Bure yake, hata hivyo, huishia kwenye leseni. Lazima awepo wa kuisakinisha, kuiunganisha na M-Pesa na kuitunza, na huyo hulipwa. Njia ya tatu ni kumpa kazi kijana wa pale mjini aunde programu mpya, ambayo huanza kwa bei nafuu na mara nyingi huishia kumtegemea mtu mmoja aliye na nywila zote. Na kwa tawi lenye wanachama chini ya 100, ukweli ambao wauzaji hawapendi kuusema ni kwamba jedwali la Excel linalotunzwa vyema na watu wawili linatosha kwa miaka kadhaa.

Sheria nayo ina sauti. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inamfanya anayekusanya nambari za vitambulisho na simu kuwajibika kwazo. Data ikivuja na kuwahatarisha wenyewe, Kamishna wa Kulinda Data anapaswa kuarifiwa katika muda wa saa 72. Kanuni za 2021 huyaondolea mashirika yenye mapato ya chini ya Sh5 milioni kwa mwaka na wafanyakazi wasiofika 10 jukumu la kujisajili, isipokuwa kwa shughuli fulani zilizoorodheshwa, lakini jukumu la kuilinda data linabaki pale pale. Orodha ya wanachama kutumwa katika kundi la WhatsApp la wagombea, jambo linaloonekana dogo msimu wa kampeni, ni kosa la aina hiyo hiyo.

Kabla ya kutia sahihi, kamati ichukue rekodi 50 kutoka daftari lake, zile chafu zaidi: majina yaliyorudiwa, simu zilizobadilika, ada iliyolipwa nusu. Majina na nambari za siri zigeuzwe, kisha muuzaji aziingize mbele ya wote na atoe orodha ya wanaostahili kupiga kura. Aidha, aonyeshe ni nani aliyebadilisha rekodi gani na saa ngapi, kwa maana jina linalofutwa usiku wa kuamkia uchaguzi lazima liache alama. Mkataba nao ueleze kwamba data ni mali ya chama, kwamba nywila kuu iko mikononi mwa maafisa wawili badala ya mmoja, na kwamba siku mkataba ukivunjika, orodha nzima pamoja na historia ya malipo itakabidhiwa kwa muundo unaofunguka katika Excel, bila malipo ya ziada.