Baraza la Mbao Kwenye Nafasi Ndogo

Nyumba nyingi za milimani, kama kule Taita, Kisii na Murang'a, zimejengwa mahali palipochimbwa kando ya mteremko. Ukifungua mlango unapata futi chache tu za ardhi sawa, halafu mteremko unaanza. Mvua ikinyesha matope yanaingia mpaka ndani, na wazee wanateleza. Ndiyo sababu wengine wanajenga baraza la mbao, yaani sakafu iliyoinuliwa juu ya nguzo mbele ya mlango. Ni jambo zuri. Lakini baraza hubeba watu, na likianguka huanguka nao.

1. Hesabu wageni kabla ya kununua mbao

Tuseme nafasi yako ni futi 8 kwa 6. Watu wa nyumba ni watano, nao watatosha vizuri. Sasa fikiria siku ya matanga, au siku ya kuleta mahari. Mvua ikianza, kila mtu atakimbilia barazani. Usijengee watu wa nyumba. Jengea siku hiyo.

Kipimo kinachotumiwa na wajenzi wengi ni karibu kilo 200 kwa kila mita moja ya mraba. Futi 8 kwa 6 ni kama mita za mraba 4 na nusu. Hiyo ni kilo 900, yaani watu wazima 12 au 13 wakibanana.

Huu si woga wa bure. Huko Chicago, Marekani, tarehe 29 Juni 2003, roshani ya mbao ilijaa watu wakati wa sherehe ikaanguka, na watu 13 wakafa. Mwaka 2015 huko Berkeley, roshani nyingine ilianguka ikaua watu 6, kwa sababu mbao zilizoishikilia zilikuwa zimeoza kwa maji. Uzito na maji ndio maadui wawili wa baraza, hata la kwako lililo futi 3 tu kutoka chini.

2. Usitundike baraza kwenye ukuta

Fundi wa haraka atakuambia upigilie mbao moja ukutani, upande wa pili uweke nguzo, umalize. Kataa. Ukuta wa udongo au wa mbao haukujengwa kubeba uzito wa kilo mia nne na zaidi kutoka pembeni. Tena maji hujificha nyuma ya mbao hiyo, ikaoza bila wewe kuona.

Baraza lisimame kwa miguu yake lenyewe, mbali na ukuta kwa inchi 1 ili hewa ipite. Hapo nguzo nne zinatosha. Mbili za ndani zikae inchi 15 kutoka ukutani, ili usichimbe chini ya msingi wa nyumba. Mbao za sakafu zitatokeza juu yake mpaka karibu na ukuta. Ukichimba ukakutana na msingi wa nyumba, usiukate, sogeza shimo.

3. Miguu ikae pakavu

Chimba mashimo ya futi 1 na nusu kila upande, kina futi 2 au zaidi, mpaka ufike udongo mgumu. Kama ni ule udongo mweusi unaopasuka wakati wa kiangazi, endelea mpaka uupite, kwa sababu huvimba ukilowa na kusukuma nguzo.

Jaza zege: karai 1 la simiti, 2 za mchanga, 4 za kokoto. Zege litokeze inchi 6 juu ya ardhi, na kabla halijakauka weka kipande cha chuma cha kushikia nguzo. Usizike nguzo ardhini. Kati ya zege na nguzo weka kipande cha bati, kingo zake zikiinama chini. Mchwa akitaka kupanda itambidi azunguke nje, na wewe utamwona.

4. Mbao za kununua

- Nguzo 4 za inchi 4 kwa 4.
- Mbao 4 za inchi 6 kwa 2, urefu futi 8. Ziunganishe mbili mbili zipate kuwa mihimili 2 ya kulala juu ya nguzo. Acha futi 1 itokeze kila upande.
- Mbao 7 za 6 kwa 2, urefu futi 6, zilale juu ya mihimili, kila moja inchi 16 kutoka kwa mwenzake.
- Mbao 12 za 6 kwa 1, urefu futi 8, za kukanyagia. Acha mwanya wa robo inchi kati yake ili maji yapite. Ya mwisho itapasuliwa.

Saiprasi iliyokomaa ni nzuri. Mkaratusi usiotiwa dawa huliwa na mchwa upesi. Mbao mbichi zipange kivulini na vijiti kati yake zikauke kwanza, la sivyo zitapinda. Mihimili na nguzo zishikwe kwa bolti za nusu inchi. Msumari peke yake hulegea. Nguzo zikiwa ndefu, weka mbao za mshazari ili baraza lisiyumbe.

Onyo kwa mama wa jikoni: vipande vya mbao zilizotiwa dawa ya kijani visiwe kuni. Moshi na majivu yake ni sumu.

5. Ngazi, reli na jirani

Ngazi ndiyo hula nafasi. Baraza la inchi 28 linahitaji kupanda mara 4, inchi 7 kila mara, na vidato 3 vya inchi 10 huchukua futi 2 na nusu. Basi igeuze ishuke kando, sambamba na ukuta, badala ya mbele. Reli iwe futi 3 na nusu, na nafasi kati ya vijiti isizidi inchi 4, mtoto asipenyeze kichwa. Sakafu iwe chini ya kizingiti kwa inchi 2, maji yasiingie nyumbani. Maji ya paa yapitie kwenye mfereji, yasimwagikie baraza wala shamba la jirani.

6. Kila mwaka kabla ya mvua ya Machi

Ingia chini ya baraza na bisibisi. Choma miguu ya nguzo na pale mbao zinapokutana. Bisibisi ikizama bila nguvu, mbao hiyo imekwisha. Ibadilishe kabla hujaita wageni. Kaza bolti, fagia udongo uliorundikana kwenye zege, bomoa njia za mchwa. Ni kazi ya asubuhi moja.