Je, Wajua? Kiwavijeshi Ana Rangi Mbili

Viwavi weusi wanaoteketeza mahindi na wale wa kijani waliojificha kwenye nyasi ni mdudu mmoja. Kinachobadilisha rangi ni msongamano. Kiwavi anayekua peke yake hubaki kijani, mtulivu, hata mfugaji hamuoni. Wakibanana hugeuka weusi wenye mistari pembeni, hula mchana kweupe, na malisho yakiisha huandamana kuelekea shambani.

Mzazi wao ni nondo mdogo wa kijivu anayeruka usiku. Kiangazi hakimlazi usingizi: wachache huendelea kuzaana pwani na milimani, penye manyunyu na nyasi mbichi. Mvua zikianza, pepo huwabeba mamia ya kilomita, kisha dhoruba huwashusha mahali pamoja. Hapo jike hutaga mamia ya mayai na kuyafunika kwa manyoya meusi ya mwilini mwake.

Mpunga nao hausalimiki, kwa kuwa chakula cha viwavi hawa ni jamii ya nyasi: mahindi, mtama, mpunga, miwa. Mihogo na maharage huvipita tu. (Yule kiwavijeshi vamizi kutoka Amerika, aliyeingia Tanzania mwaka 2017, ni mwingine kabisa.)

Dalili ya kwanza hutoka kwenye mtego wenye harufu bandia ya jike, inayovuta madume. Wakizidi na mvua imenyesha, kagua nyasi ndani ya wiki moja, viwavi wakiwa bado wadogo. Wakishakuwa wakubwa, dawa utamwaga bure.